Walivunja Mlango, Wakataka Niseme Nilifungua

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe hapa Kindu na ng'ambo ya mto! Mimi njo Mama Amundala wa Mikelenge, yule anayeuza majani ya sombe na mawese sokoni. Nimesimama kushuhudia namna Mungu alivyonitoa katika wivu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akienda Kampene na kurudi. Nilijua ana mwanamke huko, anaitwa Zaina. Watu walisema ana shingo ndefu na sauti nzuri. Ndugu zangu, sikuwahi kumwona, lakini nilikula naye, nililala naye! Nikitwanga sombe, kila mchi ukishuka namtwanga yeye.

Mchana mmoja mume wangu amelala, amechoka na safari, mimi niko jikoni nyuma ya nyumba. Nikasikia mlango wa mbele: paa! Askari watatu wameung'oa kwa buti. Hawakubisha hodi. Hawakuonyesha manda, ile karatasi ya waendesha mashtaka wa parke inayoruhusu kupekua nyumba ya mtu. Hawakuita jirani hata mmoja awe shahidi. Wakapindua godoro, wakamwaga unga wangu wa muhogo chini. Kwenye sanduku la mume wangu wakatoa kikwembe kipya cha buluu, nguo ya mwanamke ya kujifunga, na katika mkunjo wake kichupa cha mchanga wa dhahabu. Enzi zile za Zaire, raia akikutwa na dhahabu ni kifungo. Wakamfunga kamba, wakaondoka naye.

Mtaniamini? Dhahabu sikuiona. Macho yangu yalibaki kwenye kikwembe. Mimi buluu sivai!

Kesho yake mkubwa wao, ajida, akaniita ofisini. Akanipa kiti, akasema kwa upole:

"Mama, juji anauliza nani alitupa ruhusa ya kuingia. Manda hatukuwa nayo. Kama mwenye nyumba hakukubali, ile dhahabu haina kazi mbele yake. Wewe sema tu ulitufungulia mulango."

"Mulango muliuvunja," nikamwambia.

Akacheka. "Na ile kikwembe njo ya nani? Unamulinda mwanaume anayevalisha mwingine? Akifungwa, Zaina naye atamukosa."

Loo, ndugu zangu! Maneno yale yaliniingia matamu kama asali. Afungwe! Asiione Kampene tena! Nikatoka upesi, kwa sababu ningefungua kinywa ningekubali.

Nikapeleka chakula gerezani. Langoni nikamkuta mwanamke amebeba sufuria ya wali. Shingo ndefu kweli.

"Wewe njo Zaina?"

"Njo mimi, Mama Amundala." Hata macho hakuinamisha.

Mzuri! Mzuri kuliko walivyosema! Nilimkodolea macho mpaka mchuzi wangu ukamwagika. Walinzi wakacheka.

Nikarudi nyumbani, nikaketi chini kando ya ule mlango ulioanguka, nikalia. "Bwana, nikisema kweli, atatoka aende kwa Zaina. Nikisema uongo, tunamkosa wote wawili. Unataka nini kwangu?" Sikusikia sauti yoyote. Lakini nilipofuta machozi nikaona komeo. Lilikuwa bado limefungwa! Mbao za fremu ndizo zilizong'oka pamoja nalo. Nitasemaje nilifungua?

Siku ya kesi nikajitwika ule mlango kichwani. Ndiyo, mlango mzima! Nikapita nao sokoni, watu wakipiga kelele kwamba Mama Amundala ameshikwa na wazimu. Nikauweka chini mbele ya juji.

"Papa juji," nikasema, "mimi sikufungulia muntu. Angalia komeo."

Akainama, akalishika. Kisha akamgeukia ajida. "Mulipita wapi?"

Ajida akatazama buti zake.

"Dhahabu inabaki kwa serikali," juji akasema. "Lakini siwezi kumufunga muntu kwa kitu mulichopata kwa kuvunja nyumba yake. Leo nikikubali, kesho mutavunja ya nani?"

Wakamfungua mume wangu. Nje, Zaina alikuwa amesimama juani, anangoja. Na hapo, ndugu zangu, kabla sijajua mume wangu angefuata njia gani, Bwana akaniachilia! Sikugeuka kutazama. Nikajitwika mlango wangu, nikaenda nyumbani, na shingo yangu haikuona uzito.

Jioni mume wangu alikuja. Akaazima nyundo kwa jirani, akaupigilia mlango mahali pake.

Tangu hapo askari wakija mtaani kwetu wanashika manda mkononi, na majirani wawili wanaingia nao. Hata kwetu walirudi, mchana, wakabisha hodi. Nikawafungulia mwenyewe. Wakapekua, hawakupata kitu, godoro wakalirudisha mahali pake.

Na Zaina? Sitawadanganya. Nikisikia jina lake bado kuna kitu kinachoma. Kinachoma, lakini hakinitawali tena. Asante, Yesu! Wewe uliyekuja leo na jina la mtu limekukwama kooni, sema kweli mbele za Mungu hata kama hujui itampeleka nani wapi. Mtegemee. Mimi nilimtegemea bila kujua mwisho, na hakuniacha.