Barua Iliyo Chini ya Jeki

Sogeeni wanangu, Nura na Haitham, na we Kaltum mke wangu usisimame nyuma ya pazia, maana leo nakutaja, na pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia.

Garaji ni yenu wawili, spana mgawane bila kelele. Nyumba hii ya Buyenzi mama yenu asitolewe.

Nura, wewe unayepima damu za watu, juzi uliniambia kwa nini homa hii ya dengue imenilaza vibaya kuliko ile ya kwanza: kwamba mwili ulimshinda kirusi wa kwanza ukaweka kingamwili zake akiba, na alipokuja ndugu yake wa aina nyingine, zile za zamani zikamrukia kwa kumfananisha, zikamshika bila kumuua, kumbe zinamfungulia mlango aingie ndani ya chembe za damu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kwa sababu ulikuwa unanisoma mimi.

Adui yangu wa kwanza ni Uthmani, muuza vipuri wa kule mtaa wa Asiatique. Kabla sijamwoa mama yenu alikuja kwao kumtaka, na chupa ya marashi mkononi, akatoa kichekesho kimoja, na Kaltum akacheka hadi akashika ukuta. Mimi ninayechekesha mafundi wote wa Buyenzi, miaka thelathini na moja sijawahi kumshikisha ukuta. We Kaltum, usiseme apana, nilikuwa naangalia.

Tangu hapo kila mwenye pua kama ya Uthmani nilimrukia. Nilimfukuza fundi redio wa watu, kumbe hata ukoo hawajuani. Halafu akaja Anouar, mtoto wa Uthmani, kijana mpole asiyejua hata kuchekesha, nami nikaona baba yake amerudi na chupa yake. Alipoleta barua ya posa yako, Nura, niliwaambia nimeirudisha. Niliwaongopea. Iko kwenye sanduku la spana, chini ya jeki, haijafunguliwa, mwaka wa pili huu. Ulikuwa ukilia unasema ni vitunguu, nami nakubali ni vitunguu. Nilidhani nazuia, kumbe kila nilivyomfukuza ndivyo alivyozidi kukuingia moyoni.

Haitham, nikifa wewe ndiye walii wa dada yako, wa kumwoza. Nilikuapisha usimwoze kwa Anouar. Kiapo hicho nakifungua mbele ya mama yako. Siku ya harusi Uthmani mpeni pilau, mumwongeze na nyama, lakini mkalisheni mbali na mama yenu, na akianza kichekesho pigeni dufu kwa nguvu. Hilo sibadili.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Mola awape nyumba zenye vicheko, hata kama... hata kama si mimi ninayechekesha.

Haitham, kailete ile barua. Isome nikiwa bado nasikia. Ukifika kwenye jina la baba yake, usiliruke. Lisome polepole... mara mbili... nilizoee.