Uso Nyuma ya Mpira

Hebu funga macho kidogo, uione picha hii. Mvua inanyesha, na mbingu juu ya mto imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Golikipa ameruka, mwili umenyooka hewani kama ubao, matone yamemzunguka kama shanga zilizokatika uzi. Mikono yake miwili imeudaka mpira, na mpira umeuficha uso wake wote. Picha hiyo, kubwa kama mlango wa kabati, ilitundikwa nje ya studio ya Patrice, katika mtaa wa Makiso, karibu na bandari. Chini yake pana benchi, na mbele ya benchi mama Fanny huuza kahawa ya tangawizi. Patrice mwenyewe, ambaye kijiwe kizima kilimwita Papa Flash, alipenda kukaa pembeni na kikombe chake, akisikiliza watu wakibishana jinsi alivyoipiga. Hakuwahi kuwaambia. Aliona utamu wa picha uko hapo.

Asubuhi hiyo ubishi ulianza hata kahawa haijapoa.

— Ile ni drone, alisema Dady, anayeitwa Satellite kwa kuwa hakuna jambo la dunia asilolijua. Wazee walisema, mwenda pole hajikwai. Donc ile kitu ilikuja polepole, ikasimama mbele ya goli.

— Drone na ile mvua? aliuliza Yannick, mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ambaye wenzake humwita Bila-Frein, yaani asiye na breki. Ingeanguka sawa kuku mugonjwa. Weye ulishaona drone wapi?

— Kwa telefone.

— Bon. Mi nitakuambia kweli. Ule golikipa hakuruka. Walimufunga na nylon ya kuvulia samaki, wakamutundika kwa poteau ya goli. Mutu hawezi kulala hewani vile bila kamba. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba inaingia wapi hapo? aliuliza mama Fanny.

— Inaingia tu, mama. Uniongezee sukari.

Satellite alikunywa, akafikiri, akaja na kubwa zaidi.

— Alors, musikilize. Ile mwangaza yote kwa matone inatoka wapi? Siku ile courant ya umeme ilikatika kwa quartier yote. Mi nasema courant ya Tshopo yote ilipita ndani ya ile appareil ya photo mara moja. Siye tukabaki giza na bougie, sababu ya ile photo.

Patrice alitabasamu ndani ya kikombe. Alikumbuka tope. Siku ile alilala kifudifudi kando ya goli, upande ule golikipa alioruka, kamera ameivika mfuko wa mkate, lenzi ameipenyeza kwenye tundu la wavu. Hakumtazama mtu yeyote. Alitazama mpira tu, kwa sababu anayemfuata mchezaji kwa jicho huchelewa. Mpira ulipotoka mguuni mwa mshambuliaji alibonyeza, na kidole hakikuachia mpaka golikipa alipoanguka. Hapakuwa na drone wala kamba.

Alipoinua macho, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya benchi. Alijifunga kitambaa cheusi kichwani, na viatu vyake vilikuwa na udongo wa bandarini.

— Jambo, bapapa. Papa Patrice iko hapa?

— Ni miye, mama. Karibu, ikala.

Hakuketi.

— Jina langu Naomie. Nimetoka Yanonge na pirogue, kwa mto. Nafuata photo ya ndugu yangu, Jephté. Alikuwa golikipa, waliniambia ulimupiga photo. Homa ilimuchukua juzi. Kesho tunamuzika hapa mujini, na kwa matanga tumeweka kiti cha photo, lakini photo hakuna.

Bila-Frein alivua kofia. Satellite aliweka kikombe chini. Wote walitazama juu ukutani. Tangu picha itundikwe pale, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza jina la golikipa.

— Pole sana, mama, alisema Satellite kwa sauti ndogo. Na telefone yake?

— Iko na code, hakuna mutu anaijua. Carte d'électeur yake, ile ya kupiga kura, jasho limefuta uso, imebaki nyeupe. Alitoka nyumbani mutoto mudogo, akamufuata tonton, ndugu ya mama, hapa. Kila mwaka alisema atarudi. Mama yetu miguu imekufa, hawezi kupanda pirogue. Aliniambia: uniletee uso wa mutoto wangu, nimuone vile alikuwa mwanaume.

Patrice alisimama akaitoa picha msumarini. Naomie aliketi sasa, akaiweka magotini. Alipitisha kidole juu ya mikono ya golikipa.

— Hii mikono ni ya papa yetu, alisema.

Kidole kilifika kwenye mpira, kikasimama.

— Photo ni muzuri, papa. Zingine ziko wapi?

— Nilizifuta. Carte ya appareil ilijaa. Nilibakisha hii, zingine hazikuwa na kitu.

— Zilikuwa na nini?

Patrice alichuchumaa mbele ya picha.

— Yeye. Amesimama kwa goli, anangojea.

Mama Fanny aliacha kumimina.

— Haina neno, papa. Basi uniambie, niende nimuambie mama. Hapa, nyuma ya mupira, alikuwa anacheka ao alikuwa anaogopa?

Bila-Frein alifungua mdomo. Ilikuwa rahisi kusema alikuwa anacheka, na neno lilikwisha kumfikia ulimini. Kisha akaufunga, akatazama magurudumu ya baiskeli yake. Patrice ndiye aliyekuwa karibu kuliko watu wote siku ile, karibu hata akamsikia kijana akivuta pumzi. Aliutafuta ule uso kichwani mwake. Aliona maji, aliona mishono ya mpira, aliona kucha zenye tope.

— Mama, sijui, alisema. Nilikuwa naangalia mupira.

Naomie aliitikia kwa kichwa taratibu. Alilegeza kitenge cha begani, akaifunika picha, na Patrice akashika upande wa pili. Wakaondoka hivyo, wakiibeba wawili, kuelekea matangani.

Nawe, rafiki, siku utakaposimama mbele ya picha nzuri ukaanza kuuliza ilipigwaje, uliza tu, si vibaya. Nakuomba ukumbuke jambo moja: uliza kwanza aliyemo ndani yake anaitwa nani.