Oke za Bwana Mgonja

Tarehe 30 Juni 1994, Bwana Melkizedeki Mgonja, meneja wa tawi letu la pembejeo hapa Same, anastaafu baada ya miaka ishirini na tatu ya utumishi. Kamati ya sherehe imeomba wasifu mfupi. Ufupi si shida. Utumishi wote wa Bwana Mgonja unaenea ndani ya neno moja, nalo si la kwetu: oke.

Alirudi nalo kutoka kozi moja ya uongozi mjini Moshi, pamoja na mkoba mweusi. Mkoba ulichakaa.

Sisi tuliojifunzia Kiingereza kwenye maboksi ya dawa ya kahawa tulidhani oke maana yake ni ndiyo. Tulikuwa wachanga. Aliyetufungua macho ni Redempta, mpiga chapa wetu: usisikilize neno, tazama miwani. Oke ya miwani puani ilikuwa "nimekusikia, toka." Oke ya miwani mkononi ilikuwa "njoo Jumatatu," bila kutaja Jumatatu ya mwaka gani. Oke za mfululizo, amesimama wima na simu sikioni, ujue Dar es Salaam wanamfokea. Na ile ya kuuliza, "Oke?", aliyofungia mikutano, ilikuwa onyo kwamba atakayenyoosha mkono ni adui wa tawi.

Katika miaka ya dhiki, sabuni ilipokuwa ya kugawiwa kwa vipande, dereva Rubeni alimwendea kuomba tairi la lori. Akajibiwa oke. Rubeni alitoka anacheka, akaenda zake nyumbani, na lori likakaa juu ya mawe msimu mzima wa kupanda. Wakulima wa Kwakoa walipokuja kuulizia mbegu, walipewa oke wakaondoka nayo. Haikuota.

Kisha yakaja mageuzi. Mwaka jana shirika lilitangazwa kuuzwa, pamoja na kila kilichomo ghalani. Na ghalani mlikuwa na mabomba ya plastiki ya kijiji cha Myamba, msaada wa wafadhili, yamelala kwetu muda mrefu yakingoja ruhusa ya meneja. Myamba ndiko nyumbani kwa Bwana Mgonja mwenyewe. Akina mama wa huko walikuwa wakishuka korongoni kuchota maji na kupanda na ndoo kichwani, shangazi zake wakiwemo. Mnunuzi angefika kabla mabomba hayajatoka, Myamba wangesahau habari ya maji.

Ndipo akaja Mama Honorata, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, aliyemfahamu meneja tangu akitembea bila suruali. Tulisikia yote, maana mlango wa ofisi ulikuwa haufungiki. Aliuliza, "Mwanangu, mabomba yetu tuyachukue?" Meneja akasema oke, miwani mkononi. Redempta akatikisa kichwa. Tukamhurumia bibi wa watu.

Lakini Mama Honorata hakuwa mtumishi wa shirika. Kule milimani mtu akikubali, amekubali. Mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikapigwa, kila nyumba ikatoa mtu na jembe, mtaro ukachimbwa kutoka kwenye chemchemi hadi zahanati. Mtaro ulipokwisha, lori la mbao likaja kusimama mbele ya ghala letu, limejaa vijana wanaimba kwa Chasu, lugha ya Wapare. Clemence, mtunza ghala, akasema hafungui bila kauli ya meneja.

"Kauli alishatupa," akasema Mama Honorata. "Au mnataka kusema mtoto wetu ni mwongo?"

Meneja akatoka nje. Akaona umati, akaona majembe. Kwa mara ya kwanza alihitaji kweli neno la pili, na hakuwa nalo. Akasema oke. Miwani ilikuwa imemning'inia sikio moja. Hata Redempta hakuweza kuitafsiri. Vijana hawakuomba tafsiri, walianza kupakia.

Ndiyo sababu kwenye ratiba ya leo mtaona anatunukiwa cheti cha kuwafikishia wananchi maji. Ni mradi pekee uliokamilika katika uongozi wake, na tunakiri kwamba alichelewa kuuzuia.

Bwana Mgonja sasa anarudi Myamba, kwenye nyumba aliyoijenga kando ya bomba hilohilo. Uani kwake kukavu. Mwezi uliopita alipanda kwenda kuomba aunganishiwe. Akamwamkia mwenyekiti shikamoo, akaeleza haja yake kwa maneno mengi kuliko tuliyowahi kuyasikia kwake ofisini. Mama Honorata aliitika marahaba, akamsikiliza hadi mwisho, akamjibu, "Oke, mwanangu."

Tangu siku hiyo anamsumbua Redempta amwambie hiyo ni oke ipi. Redempta anamuuliza kama bibi alikuwa amevaa miwani. Bibi hana miwani.

Bwana Mgonja, asante kwa miaka yote uliyokaa nasi. Nenda salama, uishi vizuri, na uzee ukukute na shingo yenye nguvu. Zawadi yako kutoka kwa wafanyakazi ndiyo hiyo hapo mbele, iliyofungwa kwa karatasi ya maua: ndoo mbili, na mifuniko yake.