Historia ya Dhahbia binti Lazhar, Aliyekataa Kufichwa

Ndugu, jamaa na majirani, familia imeomba historia hii isomwe kama marehemu mwenyewe alivyotaka, bila kuficha jina la ugonjwa wake, kwa sababu alituusia zaidi ya mara moja, "Nikifa msiseme aliugua tu, semeni aliugua nini."

Dhahbia binti Lazhar alizaliwa tarehe 11 Machi 1958 kijijini hapa, juu ya Beni Khedache, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Lazhar, mfuga mbuzi, na Bi Guemra, mfumaji. Alianza shule Oktoba 1964, akamaliza darasa la sita Juni 1970, wa kwanza kwa hesabu, lakini baba yake hakukubali binti alale bweni, basi akakaa kwenye kitanda cha kufumia mazulia cha mama yake, na kabla ya kutimiza miaka kumi na saba mazulia yake yalikuwa yakiagizwa kutoka Djerba. Tarehe 14 Agosti 1977 aliolewa na Messaoud, fundi mwashi, wakajaliwa watoto watatu, Faouzi mwaka 1978, Latifa 1981, na Nejib 1984.

Mei 1986, msimu wa kukata manyoya ya kondoo, alitokwa na malengelenge kifuani, yakapasuka, na ngozi ikaanza kubanduka usoni na mgongoni kama ganda la kitunguu. Mama mkwe wake, Bi Salha, akamtengea bakuli na kijiko, mkate wake haukuliwa tena, Messaoud akahamia chumba cha wageni, na jirani mmoja, ambaye hatutamtaja, akamwambia, "Dada, kaa ndani, usituletee balaa." Akakaa ndani miezi minane. Katika miezi hiyo Hniya, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa na vidonda vile vile, alifichwa na watu wake nyumba ya tatu kutoka hapo, akafa bila kuonwa na daktari. Dhahbia alisikia kilio akiwa kitandani, na asubuhi yake, tarehe 20 Januari 1987, alijitanda shuka akapanda gari la kubebea mbuzi, peke yake, hadi Medenine, na kutoka hapo hadi hospitali ya Sfax.

Huko Daktari Raoudha alimweleza kwamba ugonjwa wake unaitwa pemfigasi, kwamba seli za ngozi hushikamanishwa na protini iitwayo desmogleini, na kwamba kinga ya mwili wake, iliyopaswa kupigana na vijidudu, ilikuwa ikiishambulia protini hiyo, ndiyo maana ngozi ya juu ilikuwa ikiachana.

"Yaani nyuzi zinakatwa kutoka ndani," akasema Dhahbia.

"Ndiyo, na hauambukizi."

"Basi niandikie hilo, daktari, na mhuri upige."

Alirudi Aprili, na Julai mwaka huo, harusi ya wifi yake ilipofika, alitumiwa ujumbe asije. Alikuja, mikono ya nguo ameikunja hadi kwenye viwiko, akaketi mbele ya sinia la kuskusi, na wanawake waliposogea nyuma akawaambia, "Nimelala na wagonjwa wenzangu wiki kumi na moja, hakuna muuguzi aliyetokwa na hata lengelenge moja. Msipokula nitakula mwenyewe, na nyama leo ni nyingi." Akala mwenyewe, taratibu, mpaka akashiba.

Machi 1994 madaktari walipokuja kupima damu za wanakijiji kuutafuta ugonjwa huo, wanaume walikataa, wakisema, "Binti zetu wataolewa na nani?" Dhahbia alipita nyumba kwa nyumba, akawatoa wanawake watano waliofichwa vyumba vya nyuma, akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Bi Salha naye alitoa damu, ili aonyeshe kuwa yeye ni safi. Majibu yalipokuja, daktari alimweleza faraghani kwamba askari wale wale wa kinga ya mwili wanaoishambulia desmogleini walikuwamo katika damu yake, ingawa ngozi haikuwa na hata mkwaruzo na huenda asiugue kamwe. Bi Salha angeweza kunyamaza, lakini alikwenda kwenye tanuri ya mkate, mbele ya wanawake wote, akasema, "Na mimi ninao askari hao damuni." Dhahbia akamkatia mkate. "Karibu, mama. Ila vyombo leo utaosha wewe." Messaoud aliomba kurudi chumbani mwezi huo huo, akaruhusiwa mwaka uliofuata.

Ugonjwa ulimrudia mara mbili, dawa zikamletea kisukari na kudhoofisha mifupa hadi akavunjika nyonga, hata hivyo kila mwezi aliwasindikiza wanawake wale watano Sfax, na mazulia hakuacha kuyafuma. Mwishoni mwa Oktoba 2019 alipata homa ya mapafu, akalazwa Medenine, akafariki tarehe 9 Novemba 2019, akiwa na miaka sitini na mmoja, ameacha watoto watatu na wajukuu saba. Wosia wake ulikuwa aoshwe kwa mikono mitupu, bila glavu, na ndivyo alivyooshwa.

Tunamshukuru Daktari Raoudha na wauguzi wa Sfax na Medenine, wafumaji wenzake, na majirani waliokula naye. Ninyi mliofunga milango, hatuna la kuwashukuru, lakini mmekuja kumzika, basi kaeni, chakula kipo.

Dhahbia binti Lazhar, Mola akupe mapumziko mema.