Norman Kabera, Mdakaji wa Akiba

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kutusindikiza, mimi ni Manzi, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, nami nitayasoma jinsi yalivyokuwa, kwa sababu sifa za kupamba angezicheka mwenyewe.

Norman Kabera alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Karagwe, Tanzania, mtoto wa kwanza wa mzee Bizimana na mama Nyirahabimana, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1995, familia iliporudi Rwanda na kukaa Ndera, alikomaliza sekondari mwaka 2002. Alikuwa na mbio, na majirani mnakumbuka mlivyogombania kumtuma dukani.

Mwaka 2003 aliajiriwa kuwa mtunza stoo katika ofisi moja ya Kacyiru, na mwaka huohuo akajiunga na timu ya besiboli, mchezo ambao wengi wetu hatujauelewa mpaka leo, akitaka kucheza uwanja wa nje, kule watu wanakoukimbilia mpira. Siku ya kwanza mdakaji alikosekana, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa barakoa ya vyuma, Norman akajitolea kwa siku hiyo moja, na kosa lake likawa kwamba alidaka vizuri. Kwa miaka kumi na miwili akabaki mdakaji wa akiba, anawapasha warushaji wa mpira mikono moto kabla ya mechi, kisha anakaa benchi na barakoa yake mapajani, na kila alipoomba kuhamishwa aliambiwa asubiri msimu ujao.

Tarehe 8 Agosti 2009 alifunga ndoa na Shallon, wakajaliwa Umuhoza na Rwema.

Mwaka 2015 magoti yalikataa, tukashukuru kwamba sasa atapumzika, kumbe kocha alikuwa anahama, na timu akakabidhiwa yeye, kwa muda tu. Muda huo haukuisha. Kila alipoaga, wachezaji walikuja nyumbani wakilia, naye akarudi uwanjani, na upole huo tulioupenda sote ndio uliomfunga, jambo ambalo linaniuma. Lakini katika timu yake kila mgeni aliulizwa kwanza anataka kucheza wapi, na alichezeshwa hapohapo, hata timu ikifungwa.

Januari 2025 aliugua figo, akalazwa hospitali ya Kibagabaga, na tarehe 2 Juni akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ndera, wenzake wa Kacyiru, na timu yake, ambayo imeomba azikwe na barakoa yake, kwa heshima. Shallon amekataa, kwa kuwa Norman alimwambia hospitalini, "Ile kitu ya vyuma musinivalishe tena." Barakoa iko pale mezani, anayeitaka aichukue kwa kupenda mwenyewe.

Kaka, pumzika kwa amani, na miguu uinyooshe.