Lenah Cherotich na Kofia ya Ukutani (1969–2025)

Marehemu Lenah Cherotich alizaliwa tarehe 9 Aprili 1969 huko Ndanai, mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Alifika darasa la saba mwaka wa 1983, akapita mtihani vizuri, kisha akaambiwa ampishe kaka yake aende sekondari. Kaka alirudi nyumbani baada ya mihula miwili. Lenah hakurudishwa shule.

Mwaka wa 1988 aliolewa na Kipsang Koech wa hapa karibu na Kapkatet, wakabarikiwa na watoto watatu na kupanda majani chai kwa mikono yao. Kipsang alifariki tarehe 2 Juni 2011. Maua ya kaburi hayajakauka, kaka yake Kipsang, Mzee Weldon, akahamisha namba ya majani, ile ambayo kiwanda cha chai humlipia mkulima, ikawa kwa jina lake, na shamba likafuata namba. Lenah aliachiwa nyumba, jiko na njia ya kwenda choo.

Watu husomewa kwamba marehemu hakuwahi kulalamika. Mama yetu alilalamika. Alilalamika kwa wazee, kwa chifu na kanisani, na alipoona maneno yanaingia sikio hili na kutokea lile, akachukua udongo.

Tangu usichana alijulikana kwa kukandika nyumba na kuzipamba kwa udongo mwekundu, jivu na makaa. Mwaka wa 2015, pale kwenye kituo cha kuuzia majani ambapo akina mama hungoja lori, aliwaambia waache kusengenya, kila mmoja atoe hadithi yake mwenyewe. Iliyosimuliwa leo, kesho waliichora pamoja kwenye ukuta wa kituo. Phanice Aoko, aliyetoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani, alichora mwanamke aliyefungiwa nje na sufuria yake. Anasema alipomaliza kuchora ndipo alipopata miguu ya kwenda kwa chifu. Wajane watatu waliochora mashamba yao walienda pamoja, wakarudishiwa namba zao. Mama aliwasindikiza wote watatu.

Yake aliichora mwisho: mwanamume asiye na uso, kofia pana kichwani, amekalia kikapu cha mwanamke. Mzee Weldon alifika asubuhi hiyo hiyo.

“Mama Nelvine, futa hiyo kitu. Watu wanasema ni mimi.”

“Mimi nimechora kofia tu, shemeji. Kichwa umeleta wewe.”

Walicheka hadi lori likafika. Wiki hiyo ukuta mzima ukapakwa chokaa, hadithi za wote zikafunikwa pamoja na yake. Lakini Mzee hakuwahi kukandika nyumba. Ukuta wa udongo na mavi ya ng'ombe hukwaruzwa kwanza ndipo chokaa ishike, kila msichana wa huku anajua. Mvua ya Aprili ikaosha chokaa, na kofia ndiyo iliyotokea kabla ya picha zote. Mzee amepaka kila mwaka tangu hapo, na kila mwaka inatokea.

Mwaka wa 2023 mama alianza kuugua saratani ya koo. Sauti ilipokwisha, alichora kwa makaa kwenye ukuta wa jiko kile alichotaka: uji, maji, shamba. Uji siku nyingine hakuutaka. Shamba alilichora kila siku. Alifariki nyumbani tarehe 11 Novemba 2025, saa moja asubuhi, na shamba halijarudi. Jambo hili linatuuma, na kamati ya mazishi ilipotuomba tulitoe kwenye programu tulikataa. Kaburi lake limechimbwa nyuma ya jiko kwa sababu hapo ndipo palipobaki pake.

Ameacha watoto wake: Nelvine, anayewasomea haya, Kiplimo na Judy, wajukuu wanne, akina mama wa kituoni, na shemeji yake, Mzee Weldon, aliyeketi katika hema la mbele. Leo amekuja bila kofia.

Mama apumzike kwa amani. Ukuta wa kituo tutaurudia kuuchora Jumatatu, majani yakishapimwa.