Kiondo Kisichofungwa Mdomo

KIOKO: Haloo! Nani huyo na namba nisiyoijua?

CAROLYNE: Ni mimi, Caro, dadako. Nimeazima simu ya dereva wa hapa kazini. Uko aje?

KIOKO: Niko salama. Nangoja basi la kampuni hapa Industrial. Sema haraka, leo nalinda ghala la— haloo?

CAROLYNE: [mikwaruzo] ...kiondo.

KIOKO: Kiondo gani?

CAROLYNE: Cha Mama. Kile alichokiacha nusu, ukaniletea huku ng'ambo ulipotoka kumzika nyumbani.

KIOKO: Si madam wako anakipeleka kwa maonyesho ya kazi za wanawake?

CAROLYNE: Kesho. Jina langu limeshachapwa kwenye orodha. Anataka nikifunge mdomo leo, kiishe.

KIOKO: Si ufunge! Shida iko wapi?

CAROLYNE: Kinasukwa, Kioko.

KIOKO: Na wewe.

CAROLYNE: Si mimi. Nakiacha kitandani nikienda kupiga pasi, nikirudi kimepanda safu nyingine.

KIOKO: Wacha hizo. Umechoka. Unasuka huku unasinzia, kama mimi ninavyolinda.

CAROLYNE: Mimi nasuka na uzi wa plastiki, nanunua sokoni Najma. Hizi safu ni za katani. Katani ya kusokotwa pajani, Kioko.

KIOKO: Labda huyo madam—

CAROLYNE: Madam hajui hata kushona kifungo! Na zimelalia kushoto.

KIOKO: Kushoto?

CAROLYNE: Kushoto. Kule Kitui nani mwingine alisuka na mkono huo? Si wenzake wa kikundi walikuwa wanamcheka, "Kiondo chako kimelewa"?

KIOKO: Ni Mama tu.

CAROLYNE: Amesuka kilima chetu. Amesuka mto, vile unapinda pale kwa kina Gerishon. Mimi nilikuwa nimeusahau huo mto, aki.

KIOKO: Caro, zile siku za mwisho, alikuwa anauliza—

CAROLYNE: Najua. Usiseme.

KIOKO: Sijasema.

CAROLYNE: Walininyima ruhusa ya kwenda nyumbani. Wewe unajua.

KIOKO: Najua. Sasa sikia. Funga hicho kitu, kiende, watu wajue kuna fundi hapo kwenu Rayyan.

CAROLYNE: Mdomo ukifungwa hakuna safu ya kuongeza. Atarudi kufanya nini?

KIOKO: Na usipofunga? Hiyo nafasi umeililia miaka! Utabaki na pasi.

CAROLYNE: Nimeshamwambia madam hakiendi. Amefuta jina langu.

KIOKO: Wewe ni mjinga, Caro! Mjinga kabisa! ...Amefika wapi?

CAROLYNE: Nani?

KIOKO: Si huyo unayesema.

CAROLYNE: Amefika mlangoni kwetu. Bado kusuka paa.

KIOKO: [mikwaruzo] Basi limekuja. Wananipigia honi.

CAROLYNE: Nenda. Hata salio la watu linaisha. Siwezi kushika simu na katani pamoja.

KIOKO: Si umesema husuki?

CAROLYNE: Sisuki. Namshikia.

KIOKO: Ngoja, usikate! Mwambie Kioko—